Fundo la Kuanzia

Mpwa wangu amekuja kwangu Kendu Bay kumalizia likizo. Kwenye begi lake, katikati ya nguo na vitabu ambavyo najua hatavifungua, alitoa sindano ya kroshia yenye mshikio wa plastiki na bonge la uzi wa manjano. Mama yake, mdogo wangu anayeishi Migori mjini, alimnunulia vyote viwili sokoni ili mikono ipate kazi, maana mtoto huyu wa miaka tisa akikosa la kufanya hufungua redio ya mtu kutafuta sauti inakaa wapi. Kwa siku mbili nilimwona amejikunja kwenye kochi, simu yangu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, akimkodolea macho mama fulani wa kwenye video anayefuma huku akitabasamu. Siku ya tatu akanifuata jikoni, mdomo umevimba kwa hasira.

"Anti, hii video inaenda mbio sana. Nimepause mpaka nimechoka. Hata kuanza tu imenishinda."

Nikaupokea ule uzi, nikautazama, nikaanza kucheka mpaka ikabidi niteremshe sufuria ya samaki. Alikuwa amefunga fundo la nyavu. Lile lile, dogo, gumu, lililojibana kwenye sindano kana kwamba limeajiriwa kuilinda. Babu yake, yaani baba yangu, bado yuko Karungu, na bado kila mjukuu anayemtembelea hufundishwa kushona nyavu kabla hata hajanawa mikono. Sikumcheka mtoto. Nilijicheka mwenyewe, kwa sababu fundo hilo nililifunga mimi pia nikiwa na umri kama wake, kule Uriri, msimu mmoja wa mvua, na lilinitia katika taabu ambayo sijaisahau hata leo.

Keti basi nikusimulie. 

Nilizaliwa Karungu, nyumba ya nne kutoka majini, na kwa miaka tisa nilikuwa mtoto wa pekee. Baba alikuwa mvuvi, na bila kumuuliza mtu yeyote alinifanya msaidizi wake. Nikitoka shule nilikuta nyavu zimetandazwa kwenye nyasi, zinanuka samaki na matope, na kazi yetu ilikuwa kutafuta mahali ambapo mbuta wakubwa walipasua wakatoka zao. Baba alinionyesha namna ya kuzungusha uzi wa nailoni kwenye kidole, kuupitisha nyuma na kuuvuta. "Vuta mpaka lilie," alikuwa akisema. Na kweli fundo la nailoni likikazwa sawasawa hulia, kisauti chembamba unachoweza kukisikia ukiliweka karibu na sikio. Ambalo halikulia alilikata kwa wembe na kunirudishia nianze upya. Vidole vyangu vilichanika, lakini nilikuwa na maringo. Kwetu mtoto aliyejua kushona nyavu alisifiwa na watu wazima, na mimi nilipenda sifa kuliko nilivyopenda chapati.

Msimu huo wa mvua mama alikuwa mjamzito. Kabla miezi yake haijatimia aliugua ghafla, wakampeleka hospitali huko Homa Bay, na mtoto akazaliwa mapema mno. Mama akabaki naye hospitalini, nami nikapelekwa Uriri kwa Dani, mama yake mama. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Dholuo, lugha yetu, na sikuwahi kumjua kwa jina jingine. Baba alinifikisha kwake na mfuko wa nguo na kopo la omena, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa. Nilimuuliza mtoto yukoje.  Aliviunganisha viganja vyake viwili, akavitazama, kisha akasema, "Anatosha hapa. Ni msichana." Akaondoka kurudi Homa Bay, nami nikabaki nikivitazama viganja vyangu mwenyewe.

Uriri ilinishangaza kwa kukosa maji ya kusikiliza. Niliamka asubuhi nikitega sikio kwa mawimbi, badala yake nikasikia mashine ya kusaga unga ikikohoa sokoni na ng'ombe wa Dani wakilalamika. Hewa ilinuka miwa, na siku walipopika sukari guru upande wa pili wa barabara, harufu yake iliingia mpaka kwenye uji wa mtama ukadhani umetiwa sukari. Nilifagia uwanja, nikateka maji, nikamenya viazi vitamu, nikawafukuza kuku waliojiona wao ndio wenye nyumba. Dani mwenyewe alikuwa mwembamba na mwepesi wa miguu, na kila asubuhi alivaa sweta ya kahawia yenye vifungo vitatu, kila kimoja na rangi yake. Aliivaa akikama, aliivaa akinywa chai, na jua likishapanda aliivua, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia.

Jambo moja hakutaka lizungumzwe. Watu wakija kuuliza habari za mtoto, alijibu, "Mama yake yuko Homa Bay," basi, akaanza kuwauliza habari za mahindi yao. Hakusema mtoto ana siku ngapi, wala hakutaka mtu mwingine azihesabu. Siku moja nikamwambia tumtafutie mtoto nguo. Uso wake ulifunga kabisa.

"Mtoto ambaye hajavuka kizingiti cha nyumba hii hatengenezewi kitu," akasema. "Hata soksi. Usiniletee maneno hayo tena."

Wazee wengi wa kwetu waliona hivyo, na wapo wanaoona hivyo mpaka leo, kwamba kumtayarishia mtoto kabla hajafika ni kualika msiba. Nilichukua ufagio, lakini sikukubali. Nilikuwa mbishi, na sijapona. Moyoni niliona kinyume chake, kwamba mtoto asiyetayarishiwa hata kitu kimoja atadhani hatakiwi, na ataamua kurudi alikotoka. 

Ng'ambo ya ua wa mikonge aliishi jirani, mama mmoja Mmaragoli mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Dholuo yake ilikuwa ya salamu na ya kununulia nyanya sokoni, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Sebule yake ilikuwa imevalishwa yote. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kroshia, meza ilikuwa na chake, redio ilikuwa na chake, na hata mtungi wa maji ulivaa kitu kama sketi. Nilikuwa na hofu kidogo kwamba nikikaa pale muda mrefu bila kujongea, nami nitavishwa. Kila alasiri aliketi mlangoni pake akifuma, na sindano yake ilikuwa spoku ya baiskeli aliyoikata na kuisugua kwenye jiwe mpaka ncha ikajipinda. Mimi mtoto wa ziwani nilipoiona nilijua kabisa ni nini.

"Hiyo ndoano unavulia nini?" nikamuuliza.

"Navua makochi," akanijibu bila kuinua macho. "Kuja, nyar nam, nikuonyeshe."

Nyar nam ni msichana wa ziwani. Dholuo yake ilikuwa chache, lakini la kunitania alilijua upesi.

Alinipa bonge la uzi wa waridi lililobaki kwenye vitambaa vya mtu. Nilitaka ajue kwamba nyuzi na mimi si wageni, kwa hiyo sikungoja maelekezo. Nikazungusha, nikapitisha nyuma, nikavuta. Fundo likajibana kwenye spoku. Akajaribu kulisogeza, halikusogea. Akalitazama kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Sasa hii ni ya nini? Unafunga ng'ombe?"

"Ni fundo," nikasema. "Haliachii."

"Hiyo ndiyo shida yake. Hapa tunataka yenye inaachia."

Nilidhani ananitania tena. Fundo linaloachia, kwa malezi yangu, lilikuwa samaki aliyekwenda na matusi ya baba. Lakini alinikalisha mbele yake, goti kwa goti, akanifundisha upya. Laza uzi juu ya vidole viwili, uzungushe upate kitanzi. Ingiza sindano ndani ya kitanzi, ushike uzi unaotoka kwenye bonge, uulete huku. Utapata kitanzi kipya kinachokaa kwenye sindano. Kivute polepole mpaka kiikaribie sindano, kisha ukome. Kikome hapo kabla hakijabana. Ukivuta huku kinapungua, ukivuta kule kinapanuka, na sindano inapita ndani yake bila kuomba ruhusa. Hilo ndilo fundo la kuanzia, na baada yake hakuna fundo jingine lolote mpaka siku ya kumaliza. Jambo hilo la mwisho lilinitia wasiwasi sana.

Baada ya fundo ukaja mnyororo. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, kidole cha mwisho kinaushikilia kidogo usikimbie. Sindano inauchukua uzi na kuupitisha ndani ya kitanzi, kitanzi kipya kinatokea, cha zamani kinashuka chini. Hiyo ni moja. Unarudia. Ulivyo rahisi kuusimulia! Mnyororo wangu wa kwanza ulikaza kama kamba ya viatu, na ilipofika wakati wa kurudi juu yake kuanza safu ya pili, sindano haikupata pa kuingia hata kwa kusukumwa.

"Acha ipumue," jirani akasema. "Hii uzi ni ya kuvaliwa, si ya kushika mbuta. Acha ipumue."

Baba alisema nivute mpaka lilie, jirani anasema niache ipumue, na kati yao wawili mimi nilitoka jasho. Nilipokosea, jirani alishika ncha ya uzi na kuivuta, na kazi yangu ya alasiri nzima ikafumuka mbele ya macho yangu, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka ukabaki uzi mtupu mapajani. Yeye hakujali. Alinirudishia bonge na kuendelea na habari zake za kanisani. Mimi nilibaki nimelikumbatia lile bonge. Sikuwahi kuona kazi inayoweza kutoweka kwa kuvutwa mara moja.

Ilinichukua kama juma moja mkono kulegea. Siku mnyororo wangu ulipolala sawa, matundu yote yanalingana, nilimwambia jirani ninachokitaka. Nataka kumfumia mtoto kofia.  Akachungulia upande wa nyumba ya Dani, maana sheria ya Dani aliijua.

"Mimi sitaki maneno na nyanya yako," akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa sauti ya kawaida ya watu wengine. "Hatushoni kitu ya mtoto. Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kofia."

Basi tukafanya mazoezi. Vitanzi vinne vya mnyororo, cha mwisho kinaunganishwa na cha kwanza, unapata kiduara. Unafuma kuzunguka ndani yake, na mzunguko unaofuata kila tundu linapata mara mbili ili duara litanuke. Duara likifika upana wa kiganja changu, jirani alisema, usiongeze tena. Kila tundu mara moja tu, nalo litaanza kujikunja lenyewe kuelekea chini. Lilipojikunja nilipiga kelele ya furaha, akaniziba mdomo.

Kofia niliificha nyuma ya ghala la Dani, ndani ya debe bovu, na huko ndiko nilikofanya upumbavu wangu. Ile picha ya kazi inayofumuka haikunitoka. Nilimfikiria yule mtoto anayetosha kwenye viganja, na nikaona si haki kumvisha kitu kinachoweza kuyeyuka akikishika vibaya. Kwa hiyo kila nilipomaliza mzunguko mmoja, nilichukua bonge zima, nikalipitisha kwenye kitanzi cha mwisho, nikafunga fundo. La baba. Halafu jingine hatua chache mbele, kwa usalama. Uzi ule haukulia kama nailoni, lakini mimi niliuvuta kana kwamba umelia. Sikumwonyesha jirani. Nilitaka aione imekamilika, imara, haiwezi kuondoka. Ukinielewa, sikuwa nafunga kofia.

Asubuhi moja ya manyunyu baba akatokea, yuko njiani kwenda Karungu kutazama mashua. Alikuwa amekonda. Jirani alivuka ua kuja kusikia habari, na Dani akaleta chai barazani, sweta yake mwilini. Baba alisema mama anamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kutwa kucha, ndivyo wauguzi walivyoagiza. Ila kichwani joto linamtoka.

"Muuguzi amesema tumletee kofia," akasema. "Ya uzi, yenye ni laini. Kesho kutwa asubuhi napita hapa nikirudi. Mkiweza."

Hakumtazama Dani aliposema hivyo. Mimi sikungoja Dani aseme lolote. Nilikimbia mpaka kwenye ghala, nikarudi na kofia yangu ya waridi, nikamwekea baba mkononi. Akaipapasa. Kidole gumba chake kikapita juu ya mafundo, moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake ukachangamka.

"Haya ni mafundo," akasema kwa heshima, fundi kwa fundi.

Nikajiona nimeshinda dunia. Kisha jirani akaichukua, akaigeuza nje ndani, na akanyamaza, jambo ambalo sikuwa nimeliona bado. Akaniita karibu, akaikandamiza kwenye paji la uso wangu kwa kiganja, akangoja kidogo, akaiondoa.

"Guza hapo."

Niligusa. Kulikuwa na vishimo vidogo kwenye ngozi yangu, vimejipanga mstari.

"Wewe ni msichana wa miaka tisa," akasema, na hakuwa akinitania. "Na yeye je?"

Walijaribu kuyafungua. Jirani alitumia ncha ya spoku, baba alitumia meno, na hakuna fundo hata moja lililokubali, maana nilikuwa nimefundishwa vizuri. Uzi wote wa jirani ulikuwa umefungwa humo ndani. Siku ya soko ilikuwa jana yake, na duka la karibu liliuza uzi wa cherehani tu. Nikaanza kulia, na katikati ya kulia nikasema nilichokuwa nakiogopa tangu nifike Uriri, kwamba mtoto atakufa, na itakuwa ni kwa ajili yangu.

 Nilimngoja Dani anifokee. Nilikuwa nimemvunjia sheria yake, na sasa nimelitaja na lile neno.

"Yawa, nyamaza, mtoto wangu," Dani akasema. Akaweka kikombe chini. Akaanza kufungua vifungo vya sweta yake, kimoja, cha pili, cha tatu. Akaivua, na mvua ile ya asubuhi ikinyunyiza barazani, akaikunja kama siku zote na kuiweka mapajani mwangu. Ilikuwa na joto lake. "Kabla ya mama yako nilikuwa na mimba nyingine," akasema. "Nilishona nguo nne. Nikazikunja nikaziweka kwenye sanduku. Zilikaa humo miaka mingi, na kila nikitafuta kitu sandukuni nazikuta." Akainyoosha ile sweta mapajani mwangu. "Hii si nguo ya mtoto. Hii ni sweta yangu kuukuu. Mkiigeuza kuwa kitu kingine, mimi sijaona."

Baba aliondoka macho yamemwiva. Sisi tukaanza kazi. Jirani alikata uzi mmoja shingoni pa sweta, akanipa ncha, akaniambia vuta. Nikavuta. Safu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, na kola yote ikaondoka huku mimi nikizungushia uzi kwenye mguu wa kigoda. Nilitazama sweta ikipungua na bonge likikua, na hapo, sijui nikueleze vipi, hofu yangu ilianza kupungua nayo. Hakuna kilichokuwa kinapotea. Kila kilichotoka kwenye sweta ya Dani kilikuwa kwenye kigoda, chote, na bado ni kizuri. Uzi ulitoka umejikunjakunja kwa miaka ya kukaa kwenye umbo moja, kwa hiyo jirani aliuchovya kwenye maji ya vuguvugu, akautundika juu ya jiko na kuufungia jiwe chini, na mpaka alasiri ulikuwa umekauka na kunyooka.

Kisha nikaanza. Kitanzi, sindano ndani, leta uzi huku, vuta polepole, koma. Fundo moja. Dani alileta kiti chake, kile ambacho hakuna mwingine aliyekalia, akakiweka karibu yangu, leso mabegani badala ya sweta. Nilifuma mnyororo, nikaunganisha, nikaanza kuzunguka, na kila mara nilipopotelewa na hesabu nililazimika kurudi nyuma. Mara ya tatu nikasikia sauti upande wangu, ya chini, kama mtu anayejisemea: "Achiel, ariyo, adek." Moja, mbili, tatu. Dani, ambaye hakutaka hata siku za mtoto zihesabiwe, alikuwa akinihesabia matundu. Alihesabu jioni hiyo na kesho yake kutwa, akisimama kukoroga ugali na kurudi kuuliza, "Tumefika wapi?" Sikuthubutu kumtazama nisije nikamfanya aache.

Baba alipopita, kofia ilikuwa tayari. Fundo moja mwanzo, moja mwisho, na katikati vitanzi vitupu vinavyoshikana mikono. Jirani aliikandamiza kwenye paji langu, akaitoa, akapapasa, hakukuta kitu. Baba aliiingiza ndani ya shati, upande wa moyo, akaenda Homa Bay.

Halafu tukangoja. Sitakudanganya kwamba nilingoja kwa ushujaa. Mahindi ya Dani yalitoa ndevu, mvua ikapungua, na kila mtu aliyeingia uwanjani nilimtazama miguu kwanza, nikiogopa uso. Mpaka mchana mmoja nikamwona mama akija njiani taratibu, baba nyuma yake na mabeseni, na kifuani pa mama kitu kilichofungwa kwa leso mbili. Alipovuka kizingiti akazifunua. Kofia ya kahawia ilikuwa imemshuka mtoto mpaka puani. Chini yake kulikuwa na mdomo mdogo sana, umefunguka, unapiga kelele.

Dani hakupiga vigelegele. Alifuta mikono kwenye leso, akaketi, akanyoosha mikono.

"Nipeni," akasema, "nimhesabu vidole." Akavihesabu vyote kwa sauti kubwa, vya mikono na vya miguu, na alipomaliza akaanza tena.

Siku hizi nikipita Uriri sioni ua wa mikonge. Jirani alihama zamani kurudi kwao, na nasikia alifuma mpaka macho yalipokataa. Dani hayuko. Tulimnunulia sweta nyingine mara mbili, akashukuru, akazigawa, akaendelea kwenda kukama asubuhi na leso mabegani. Ile kofia haikudumu pia. Kichwa cha mdogo wangu kilipokua, jirani aliifumua akatengeneza soksi za mtoto wa mtu mwingine, na soksi zile nazo nadhani zilifumuliwa, kwa hiyo uzi wa Dani sijui sasa hivi unampa nani joto. Kilichobaki ni ile ya waridi. Baba aliichukua akaifanya mfuko wa sabuni wa kuogea ziwani, na kwa miaka mingi haikuachia hata fundo moja. Huwa ananikumbusha mbele ya wageni.

Ndiyo hayo niliyoyakumbuka nikiwa nimeshika uzi wa manjano jikoni. Nilimwambia mpwa wangu azime ile video, aketi mbele yangu goti kwa goti, na tukalikata lile fundo la babu yake kwa kisu cha samaki. Kufikia jana alikuwa na mnyororo unaopumua. Nikamuuliza anataka kutengeneza nini. Alitazama mlangoni kwanza, kama kuna mtu wa kumsikia.

"Kofia," akanong'ona. "Lakini Mum amesema tusinunue kitu yoyote mpaka baby afike."

Mdogo wangu, yule aliyetosha kwenye viganja, ana mimba ya miezi saba. Hajanunua hata pini. Anajua alivyokuja yeye duniani, na najua jinsi anavyoziogopa wiki hizi, ingawa hasemi. Nami nilimfikiria Dani na nguo zake nne, kisha nikamwambia mtoto afume vitanzi vinne na kuviunganisha.

Jioni mdogo wangu alipiga simu kumjulia hali mwanawe. Mtoto alikuwa ameinama, ulimi nje, anazunguka mzunguko wa tatu, hakutaka hata kusema hujambo.

"Kwani mnafanya nini huko?" mdogo wangu akauliza.

"Mazoezi," nikamwambia.

Hadithi hii ameisikia tangu hajui kutembea. 

"Ya rangi gani?" akauliza.

"Manjano."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia.

"Mwambie asikaze sana," akasema.